Kiti cha Walioumizwa

Gari likisimama kumsubiri mtu aliyekwisha kufa, je, huo ni wema au ni hitilafu?

Tusekile alikuwa ametembea na swali hilo tangu mazishi ya kaka yake. Alikwenda nalo chuoni, akakaa nalo katika mihadhara ya sheria, akarudi nalo Lugombo bila jibu. Asubuhi hii alikuwa nalo jukwaani, ndani ya ukumbi wa ushirika wa wakulima wa chai, juu ya kiti ambacho sheria ilikiita Kiti cha Walioumizwa.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu kueleweka. Serikali ilikuwa tayari kumpa kila mwenye gari la zamani ruzuku ya kununulia gari jipya, mradi la zamani lipelekwe likasagwe. Lakini ruzuku hiyo haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Kata nzima ilikubali au kata nzima ilikataa, kwa kuwa magari mapya hayakuweza kutumia barabara moja na ya zamani bila hesabu zake kuvurugika. Uamuzi uliachiwa jopo la watu watatu: mmoja kutoka kwa wenye magari, mmoja kutoka kwa wasio na magari, na mmoja kutoka katika familia iliyoumizwa barabarani. Hapa Lugombo, familia hiyo ilikuwa ya kina Tusekile.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema Bi Aikande, afisa wa Mamlaka ya Mwendo, aliyekuwa amepanda milima hii na koti jembamba lisilofua dafu mbele ya baridi yake. "Sikuja kuwashawishi kwa maneno matamu. Nina jambo moja tu la kuwaambia. Katika kata zote zilizojiunga na mpango huu, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa barabarani tangu magari ya zamani yaondolewe. Hakuna."

Katika safu ya mbele, mama yake Tusekile aliinamisha kichwa na kuuvuta mtandio wake.

"Mimi sina cha kuficha," alisema Bwana Ipyana, mjumbe wa wenye magari, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. "Ruzuku naitaka. Gari langu nimelirithi kwa marehemu baba, na lilijifunza kwake. Mpaka leo likifika mbele ya kilabu cha pombe linapunguza mwendo na kuwasha taa ya kushoto. Mke wangu haamini kwamba si mimi ninayeliagiza."

Watu walicheka.

"Na siku zile linapoingia kabisa hadi uani, Ipyana," alidakia Mwalimu Mbonile, "hapo napo ni marehemu baba yako?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu Mbonile, mwanamke mstaafu aliyetembea kwa miguu maisha yake yote, alikuwa mjumbe wa wasio na magari na pia mwenyekiti wa jopo. Hakutabasamu. Alisubiri ukumbi utulie, ndipo akamgeukia Tusekile. "Binti, una swali?"

"Ninalo, mwalimu." Tusekile alimtazama Bi Aikande. "Katika gari jipya, abiria akitaka lisimame, anafanyaje?"

"Analiomba."

"Nalo likikataa?"

"Halikatai, dada yangu. Linachagua mahali salama pa kusimama."

"Hakuna breki ya mkono? Hakuna usukani wa dharura, kama uliomo katika haya ya zamani?"

"Tuliviondoa," Bi Aikande alijibu bila kuficha. "Hesabu zetu zilionyesha kwamba mkono wa mtu unaua zaidi kuliko unavyookoa."

*

Magari ya zamani watu waliyaita wanagenzi, kwa sababu yaliuzwa bila tabia. Gari mwanagenzi lilipotoka kiwandani lilijua kwenda, kukata kona na kutogonga kitu, basi. Mengine yote lilijifunza kwa mwenye gari, likimtazama msimu hadi msimu, hadi siku moja mwenyewe anaachia usukani na gari linaendelea vilevile ambavyo yeye angeendelea. Na yalipoegeshwa jirani kwa jirani, sokoni au kanisani, yaliambizana yaliyojifunza, kwa mawimbi mafupi yasiyosikika. Hivyo ndivyo kata nzima ilivyopata namna yake moja ya kwenda barabarani.

Katika namna hiyo alikuwamo Bibi Sekela. Alikuwa muuza maziwa aliyesimama kila asubuhi kwenye kona kali iliyo juu ya mto, na ndoo yake miguuni, akisubiri mtu wa kumfikisha kituo cha maziwa. Lugombo nzima ilimsimamia. Kumpita mzee barabarani na kiti cha mbele kikiwa wazi lilikuwa jambo ambalo mtu angeulizwa hata na watoto wake. Magari yakajifunza: kusimama pale Konani, kufungua mlango wa mbele, kurudisha kiti nyuma ili ndoo ipate nafasi, kungoja kwa muda anaouhitaji kikongwe kuinama, kunyanyua na kuketi, kisha kufunga mlango na kuondoka taratibu.

Bibi Sekela akafariki. Magari yakaendelea.

Kulifuta funzo hilo hakukuhitaji fundi. Ilitosha mwenye gari aketi ndani na kutamka kwa kinywa chake kwamba mtu huyo asingojewe tena. Hapo ndipo watu waliposhindwa. Nani angekuwa wa kwanza kusema Bibi Sekela asisimamiwe? Siku ya kumaliza tanga, jambo hilo lilizungumzwa mbele ya wote, na wote, familia ya Tusekile ikiwamo, wakaona ni heshima nzuri: acheni yasimame. Mwanzoni waliokuwa ndani waliinamisha vichwa mlango ulipofunguka. Baadaye waliendelea na mazungumzo yao. Mwishowe hakuna aliyeinua macho, na hata magari yaliyonunuliwa baada ya msiba, ambayo hayakuwahi kumwona bibi huyo, yaliambukizwa funzo na kusimama kama wenzake.

Asubuhi moja ya ukungu, gari la jirani lilisimama Konani na kumfungulia mlango mtu asiyekuwapo. Asajile, kaka yake Tusekile, alikuwa akishuka nyuma yake na pikipiki iliyosheheni maparachichi, akaligonga. Jirani aliyekuwa ndani alikuwa amesinzia.

*

Bi Aikande aliwaomba wajumbe wapande gari jipya alilokuja nalo kwa kibali cha maonyesho, wapite barabara yao wenyewe, wajionee. Walipanda wote wanne. Ndani mlikuwa na joto zuri na viti vilivyotazamana kama vya sebuleni. Hapakuwa na chochote cha kushika.

"Hili halina baba," Ipyana alisema, akikipapasa kiti kwa furaha. "Safi kabisa."

Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka walipoikaribia Kona. Tusekile aliufumba mkono wake juu ya goti. Tangu msiba alikuwa akipita hapa kwa miguu tu, maana hakuweza kuuvumilia mlango ule unaofunguka. Gari likapunguza mwendo, likakata kona kwa ulaini, likapita. Halikusimama. Halikufungua mlango. Kona ilibaki nyuma yao, kona tu, lami na majani yaliyolowa, na Tusekile alihisi kitu kikimlegea kifuani hata akageukia dirishani ili wenzake wasimwone uso.

"Unaona, mwanangu," Ipyana alimwambia kwa upole asiouzoea. "Lingekuwa limepita hivi, asubuhi ile..."

"Ipyana, nyamaza," Mwalimu Mbonile alisema.

Ndipo walipomwona mtu, hatua chache tu kutoka pale Bibi Sekela alipokuwa akisimama. Alikuwa amelala nusu mtaroni, mkokoteni wa ndizi umempindukia mguuni, na alikuwa akiupunga mkono wake. Gari lilimwona kabla yao. Lilipunguza mwendo tena, likahamia upande wa pili wa barabara ili kumwachia nafasi ya kutosha, likawasha taa za tahadhari, na kumpita.

"Simama!" Tusekile alisema.

"Ombi limepokelewa," gari lilijibu kwa sauti tulivu. "Hapa si mahali salama pa kusimama. Tutasimama kituo cha Shuleni. Huduma ya uokoaji imearifiwa."

"Kuna mtu pale! Simama sasa!"

"Ombi limepokelewa."

Tusekile aliinuka, akatafuta kwa mikono kishikio, kitufe, kamba, chochote. Bi Aikande naye alikuwa amenyanyuka. Ilionekana kwamba hakuwahi kulijaribu gari lake kwa namna hii, kwani alirudia ombi lile mara kadhaa kwa maneno tofauti, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Gari lilisimama Shuleni, mahali palipo salama kweli, na wote wanne wakashuka na kurudi mbio. Bi Aikande alivua viatu vyake na kuvishika mkononi.

Hawakuwa wamefika walipoona gari la zamani likitokea ukunguni kutoka upande wa pili. Lilisimama kando ya mtu yule. Mlango wa mbele ukafunguka, kiti kikarudi nyuma.

"Hilo langu!" Ipyana alihema. "Linamrudisha Mama Gwakisa kutoka sokoni. Afadhali!"

Gari lilingoja. Lilingoja kwa adabu, kwa muda anaouhitaji kikongwe kuinama, kunyanyua na kuketi. Kupitia dirisha la nyuma Tusekile alimwona Mama Gwakisa, mke wa Ipyana, kichwa kimeinamia simu, visikilizio masikioni, akitabasamu kwa jambo alilokuwa akilitazama. Mtu wa mtaroni aliita. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka taratibu.

"Mama Gwakisa!" Ipyana alipaza sauti, akalikimbilia gari lake hatua chache, kisha akasimama katikati ya barabara huku mikono ikining'inia.

Walilazimika kuunyanyua mkokoteni wote kwa pamoja. Mtu yule aliitwa Lwitiko, mkulima wa bonde la chini, na mguu wake ulikuwa umevunjika lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"La kwanza limenipita kwa heshima zote," alisema huku ameuma meno. "Nikasema, sawa, hilo la wakubwa. La pili likanifungulia mlango. Nikasema, nimepona. Sasa nipande vipi, ndugu zangu, mguu uko chini ya ndizi?"

Gari la huduma ya uokoaji lilifika baadaye, kama gari la Bi Aikande lilivyoahidi. Lwitiko alipokwisha kupakiwa, Bi Aikande alibaki amesimama barabarani, soksi zake zimejaa matope.

"Nitaandika taarifa leo hii," alimwambia Tusekile. "Kanuni itarekebishwa. Mkokoteni uliopinduka utaingizwa."

"Na kisichokuwa mkokoteni?"

"Nacho kitaingizwa, kikitokea. Kimoja kimoja." Alisita. "Tusekile, mimi si adui yako. Huyu kavunjika mguu, na msaada umemfikia. Kaka yako hakufikiwa na kitu. Nikiambiwa nichague kati ya aibu hii tuliyoipata leo na msiba wenu, nachagua aibu. Wewe hutachagua hivyo?"

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na Tusekile alilijua hilo.

*

Mama yake alikuwa uani akimenya ndizi mbichi. Watu wote walimwita Mama Asajile, na hakuna aliyejua amwiteje sasa, hivyo waliendelea kumwita hivyo hivyo.

"Nimesikia ya Lwitiko," alisema kabla Tusekile hajaketi. "Kura ni lini?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Mimi nataka yasagwe. Yote, na la kwetu liwe mbele." Ganda refu lilidondoka kwenye beseni. "Kile kiti si chako, mwanangu. Ni cha kaka yako. Wewe umekikalia tu."

"Najua."

"Basi msemee."

Tusekile alichukua kisu cha pili na ndizi moja. "Hapo ndipo ninapokwama. Kila nikijiuliza angesema nini, simsikii akisema. Namwona anaegesha pikipiki, anashuka, anakwenda kuushika ule mkokoteni."

"Angeshuka," mama yake alikubali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo. "Ndiyo maana hakuwahi kufika popote kwa wakati. Siku ya harusi ya shangazi yako alikuja keki imekwisha kuliwa, eti kuna ng'ombe alikuwa kwenye tope." Kicheko kikakatika. "Lakini hayupo, Tuse. Anayeshuka amekufa. Yule aliyesinzia yuko nyumbani kwake, anakula. Unataka nikaipende barabara ya namna hiyo?"

"Sitaki uipende."

"Unataka nini?"

Tusekile alimenya ndizi yake yote kabla ya kufungua kinywa. Chuoni alikuwa amefundishwa kuweka hoja upande huu na upande ule na kuona mizani inalalia wapi. Alikuwa amejaribu tangu alasiri. Upande mmoja aliwaweka watu ambao hawatakufa, na hakuna kitu alichoweza kukiweka upande wa pili kikalingana nao uzito. Hata hivyo kila alipotaka kuinua mkono na kusema ndiyo, aliona viganja vyake vikipapasa kuta za lile gari vikitafuta kishikio. Angeweza kusamehe kanuni isiyomjua Lwitiko, maana kanuni hujifunza. Hakuweza kukubali yeye mwenyewe amjue Lwitiko, amwone, aitwe naye, kisha awe hana la kufanya ila kuomba. Na alimkumbuka mke wa Ipyana, ambaye alikuwa na breki ndani ya gari lake na hakuinua macho. Huyo hakunyimwa na serikali yoyote. Alijinyima mwenyewe, kama walivyojinyima wote siku walipokubaliana kwamba magari yamheshimu marehemu kwa niaba yao.

"Nataka tuwe tunatazama nje, mama," alisema hatimaye, na maneno hayo yalisikika madogo mno kwa kile alichokuwa akikiomba.

Mama yake alikiweka kisu chini. "Ukisema hapana kesho," alisema, "usitarajie nikupigie makofi."

"Sitarajii."

"Lakini nitakuja. Lete maji."

*

Asubuhi ukumbi ulijaa hadi barazani. Mwalimu Mbonile alimwita kwanza Bwana Ipyana, ambaye alisimama bila mzaha wowote.

"Jana nimeliona gari langu likimwacha mtu mtaroni, na mke wangu akiwa ndani," alisema. "Wengine mtasema kosa ni la mke wangu. Mimi nasema mtu ni mtu, huchoka, husinzia, hucheka na simu yake. Nipeni gari lisilotegemea kama mimi nimeamka. Ndiyo."

"Mimi nasema hapana," alisema Mwalimu Mbonile. "Sisi tunaotembea tunapungiwa taa tu na haya magari mapya. Ruzuku ni ya mwenye gari, na aliye mtaroni hana ruzuku yake. Ndiyo moja, hapana moja. Tusekile."

Tusekile alisimama. Mama yake alikuwa safu ya mbele, mtandio umemfunika hadi kidevuni, macho makavu. Bi Aikande alikuwa ukutani, na jirani aliyesinzia asubuhi ile ya ukungu alikuwa mlangoni, mahali ambapo angeweza kuondoka bila kuonekana.

"Bi Aikande ametuambia kwamba katika kata zilizojiunga hakuna aliyekufa," alianza. "Ninamwamini. Kwa hiyo sitawadanganya. Yawezekana mtu mmoja katika ukumbi huu akafa barabarani kwa sababu ya kura yangu, na akifa, mama yake atakuwa na haki ya kuja kwetu kuniuliza."

Minong'ono ilipita ukumbini. Mama yake hakutikisika.

"Nimekaa katika kiti cha walioumizwa, na mnatarajia niyachukie magari ya zamani. Nayachukia. Lakini gari jipya linaniondolea uwezo wa kusimama, na sitaukabidhi uwezo huo kwa ruzuku ya kiasi chochote. Kura yangu ni hapana. Kata ya Lugombo haitajiunga."

Mtu fulani nyuma alipiga kelele kwamba mtoto huyu amesomeshwa akapotea. Mwalimu Mbonile aligonga meza. Tusekile alisubiri, kisha akaendelea kwa sauti ileile.

"Sheria inalikabidhi jopo, kupitia kiti hiki, mamlaka ya kuweka masharti kwa magari yanayobaki. Mwenyekiti, naomba uandike hili kuwa uamuzi wangu wa pili. Kuanzia leo, hakuna gari katika kata hii litakaloruhusiwa kusimama au kuondoka lenyewe. Aliyemo ndani ataketi mbele, mkono kwenye breki, na macho barabarani. Na funzo la Konani litafutwa katika kila gari, kwa kinywa cha mwenyewe. Mimi natoka hapa kwenda kulifuta katika gari letu. Anayetaka kuja kusikia inavyosemwa, twende."